Singa, Chonge na Hatia

Fundi anayetakiwa kumtengeneza mtu-mbwamwitu kwa ajili ya televisheni hulazimika kuamua jambo moja kabla hajakoroga mpira wake wala kupandika unywele mmoja: macho yatakuwa ya nani? Pua yaweza kurefushwa, chonge zikatokeza, singa zikafunika mabega. Yote hayo ni kazi ya mikono. Lakini macho yakiachwa kuwa ya binadamu, mtazamaji atasema kuwa yule mtu bado yumo ndani na anayaona anayoyatenda. Yakifanywa ya mnyama, atasema kuwa mwenye nyumba ametoka na aliyemo ni mwengine. Kwa hivyo fundi, apende asipende, huwa ameshatoa hukumu, hata kama alidhani anachanganya rangi tu.

Hukumu yenyewe inahusu swali la kale sana: je, mtu hulaumiwa kwa alilolitenda hali ya kuwa si yeye?

Yafaa kutanguliza neno kuhusu jina. Kiswahili hakina jina la asili la mnyama huyu wa nchi za baridi. Anayeitwa mbwa-mwitu katika nyika za Afrika ni mwengine kabisa, mwenye mabaka na masikio ya mviringo, na wafasiri wamelazimika kumvisha yule wa Ulaya jina la huyu. Waarabu, ambao mnyama huyo wanaye, walikuwa na neno jengine kwa mtu ajidhaniaye kuwa yeye: qutrub. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza maradhi hayo katika Qanun yake kuwa ni aina ya huzuni iliyozidi, imfanyayo mtu awakimbie walio hai na kutangatanga usiku makaburini. Kwa tabibu huyo hapakuwa na mnyama. Palikuwa na mgonjwa.

Mahakama za Ulaya zilichelewa kufika hapo. Mwaka 1589, huko Bedburg karibu na Cologne, Peter Stumpp aliteswa akakiri kuwa alikuwa akigeuka mbwa-mwitu na kuua, akauawa hadharani kwa ukatili usiohitaji kusimuliwa. Miaka 14 baadaye, mwaka 1603, mahakama kuu ya Bordeaux ililetewa kijana mchungaji aitwaye Jean Grenier, ambaye alikiri mwenyewe kuwa alivaa ngozi ya mbwa-mwitu na kula watoto. Mahakimu walimtazama, wakaona akili yake ni pungufu, wakaamuru afungwe katika nyumba ya watawa maisha yake yote. Hawakusema kuwa hana hatia, wala hawakumuua. Walimfungia mlango. Mlango huo ni wa kukumbukwa, kwani utarudi katika kila tamthilia itakayotajwa hapa.

Baina ya wanafalsafa, aliyelikaribia jambo hili kuliko wote ni Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake juu ya fahamu za binadamu. Alitaka msomaji afikirie mwili mmoja wenye fahamu mbili zisizopashana habari, moja ikiutumia mchana na nyengine usiku. Locke aliona kwamba mtu wa mchana na mtu wa usiku, kwa hali hiyo, ni nafsi mbili mbalimbali, ingawa nguo wanazovaa ni zilezile. Hakumtaja mbwa-mwitu, lakini ni vigumu kupata maelezo bora zaidi ya kisa cha mtu-mbwamwitu. Tena akakiri kuwa sheria za wanadamu humwadhibu mlevi kwa alilolitenda akiwa hajitambui, kwa sababu hakimu hana njia ya kujua kama kweli hakujitambua. Aristotle, kabla yake, alikuwa mkali zaidi: ujinga ambao mtu amejitakia mwenyewe haumwokoi, na mlevi astahili adhabu maradufu, kwa kuwa kutolewa kulikuwa mikononi mwake.

Basi na turudi kwenye karakana. Jack Pierce, aliyempamba Lon Chaney mdogo katika sinema ya The Wolf Man ya mwaka 1941, alibandika singa za ng'ombe wa milima ya Tibeti usoni mwa mchezaji huyo, fungu baada ya fungu, na macho akayaacha. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mtazamaji wa sinema hiyo haoni uso wa mtu ukigeuka kuwa wa mnyama, huonyeshwa miguu. Uso hubadilika mbele ya kamera mara moja tu, mwishoni, na hubadilika kwa kurudi: mnyama amekufa, na singa zinapotea taratibu hadi anabaki maiti wa kijana. Mtunzi wa mchezo huo, Curt Siodmak, alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Ni yeye aliyeweka nyota ya pembe tano katika kiganja cha mtu atakayeuawa na mnyama, na anayeiona ni muuaji. Haihitaji akili nyingi kufahamu kwa nini mkimbizi kama huyo aliwaza habari za majirani waliogeuka, na za watu waliotiwa alama ya nyota.

Televisheni ilipoirithi nyota hiyo, iliihamisha. Katika mfululizo wa Marekani ulioitwa Werewolf, wa mwaka 1987 hadi 1988, ambao mnyama wake alisanifiwa na Rick Baker, nyota hutokea katika kiganja cha Eric Cord mwenyewe, na hutoa damu kabla hajageuka. Si mabadiliko madogo. Alama haimwambii tena nani atakufa. Inamwambia kuwa muda wake umekaribia. Aliyepewa onyo amepewa pia wajibu. Ana dakika chache za kujitenga na watu, na katika dakika hizo bado ni mtu kamili.

Baker ndiye, kwa sinema ya An American Werewolf in London ya mwaka 1981, aliyepata tuzo ya Oscar ya mapambo ya uso mara ya kwanza tuzo hiyo iliposhindaniwa. Mwongozaji, John Landis, alitaka mgeuko ufanyike chumbani penye taa kali, bila kivuli cha kuficha kosa la fundi. Viganja vya mpira vilirefuka kwa mitambo, vichwa bandia vikanyooka mataya, na singa zikavutwa kuingia ndani ya ngozi bandia, kisha picha ikachezwa kinyumenyume ili zionekane zikiota. Mitambo hiyo ilikwenda polepole, nayo maumivu yakawa marefu. Tangu siku hiyo mtazamaji alijifunza kuwa kugeuka kunauma, na kwamba anayeumwa hivyo hawezi kuwa anafurahia. Hoja ya maadili ilizaliwa, kwa sehemu, na kasi ya mpira kutanuka!

Aliyefaidika zaidi na urithi huo ni George, mbeba wagonjwa wa hospitali katika tamthilia ya BBC iitwayo Being Human, iliyoanza mfululizo wake mwaka 2009. Katika sehemu ya kwanza, rafiki yake anaeleza kwa utulivu wa daktari yanayoupata mwili ule: moyo, ini, figo, kila kiungo kikifa na kuundwa upya, na mwenyewe akiachwa hai na macho ili asikose hata chembe ya mateso. Russell Tovey, aliyeigiza, analia kama mtoto. Hapana asiyemhurumia. Lakini huruma si hukumu, na watunzi walilijua hilo. George ana chumba chini ya hospitali ambamo hujifungia kila mwezi mpevu. Mwisho wa msimu wa kwanza anaingia humo pamoja na adui yake, Herrick, mlango unafungwa, na mwezi unafanya kazi yake. Aliyemrarua Herrick ni mnyama, hilo halina ubishi. Ila aliyeuchagua usiku ule na mlango ule ni mtu wa mchana, kwa akili timamu. Kufuli iliyokuwa ya kuwalinda watu imekuwa silaha. Usiku huohuo Nina, mpenzi wake, anaingia bila kutarajiwa. George anamsukuma nje ili kumwokoa, na katika kumsukuma anamkwaruza. Baadaye Nina anagundua kuwa ameambukizwa. Maangamizi mawili ya usiku mmoja, la kusudi na la bahati mbaya, na yote mawili yametoka katika kucha zilezile. Fundi hakuweza kuyatofautisha kwa singa wala kwa chonge. Ilibidi mlango uyatofautishe.

Kabla yake, katika Buffy the Vampire Slayer, kijana Oz alikuwa akifungiwa katika kizimba cha maktaba ya shule siku tatu kila mwezi. Vazi la mwanzo la mnyama wake, la mwaka 1998, lilikuwa la kuchekesha kuliko kutisha, na baadaye likabadilishwa. Lakini udhaifu wa vazi haukuudhuru uzito wa kisa. Usiku mmoja mtu aliraruliwa, na rafiki aliyewekwa kulinda kizimba alikuwa amesinzia. Mwishowe ilidhihirika kuwa muuaji ni mwengine. Hata hivyo, kwa muda, lawama ilikuwa imehama: haikumkalia mnyama, wala Oz aliyejipeleka kifungoni kwa miguu yake, bali aliyelala zamu. Hapo ndipo televisheni, chombo kidharauliwacho na watu wa vitabu, ilisema jambo ambalo Locke hakulisema. Nafsi ya usiku hulindwa na nafsi za mchana za watu wengi.

Ilipofika zama za kompyuta, mgeuko ukawa rahisi, na kwa kuwa rahisi ukawa mwepesi kimaana pia. Katika True Blood mtu huinama na mara amekuwa mbwa-mwitu, tena wa kweli, mnyama aliyefunzwa na kuletwa mbele ya kamera. Ni mzuri kumtazama. Ila mnyama wa kweli hana hatia yoyote, na uzuri wake humwosha yule mtu aliyeinama. Hemlock Grove, mwaka 2013, ilikwenda upande wa pili: mbwa-mwitu anatokeza kwa kuipasua ngozi ya kijana Peter, macho ya binadamu yanadondoka, kisha mnyama anaila ile ngozi aliyoivua. Wengi waliona ni chukizo la bure. Yawezekana. Hata hivyo, ni vigumu kubuni picha iliyo wazi zaidi ya ushahidi kuliwa na mshitakiwa.

Lakini ubunifu wenye mzigo mkubwa zaidi wa maadili ulikuja katika tamthilia iliyodhaniwa kuwa ya vijana tu, Teen Wolf, iliyoonyeshwa na MTV kuanzia mwaka 2011 hadi 2017, sehemu 100 kwa jumla. Wapambaji hawakumfunika mchezaji. Walimtia nyusi nzito, ndevu za mashavuni, chonge, na kazi iliyobaki wakayaachia macho. Macho ya dhahabu ni ya mfuasi wa kawaida. Mekundu ni ya kiongozi. Ya buluu ni ya aliyeiondoa roho isiyo na kosa. Yaani hatia imepewa rangi, na rangi hiyo huwaka hadharani kila mara mwenyewe anapogeuka.

Hapo pana kishawishi kikubwa. Nani asiyetamani kuwa dhuluma zionekane machoni pa dhalimu? Lakini watunzi wa mfululizo huo, labda kwa makusudi, waliiharibu sheria yao wenyewe. Derek ana macho ya buluu kwa sababu alipokuwa kijana alimuua Paige, msichana aliyempenda, ambaye alikuwa anakufa kwa mateso ya kuumwa na mnyama, naye akayakatisha mateso hayo. Malia anayo kwa sababu alipokuwa mtoto aligeuka ndani ya gari, na mama yake na ndugu yake wakafa. Mmoja alitenda kwa huruma, mwengine bila kujua analolitenda, na wote wawili wamepigwa muhuri uleule wa muuaji. Jicho limehesabu maiti; halikuuliza sababu. Hiyo si haki, ni daftari. Na ubora wa ubunifu huo ni kwamba mtazamaji anaanza kwa kuyaogopa macho ya buluu, anaishia kuyaonea simanzi, ilhali rangi haikubadilika.

Wasomaji wa visiwani wanaijua hamu ya alama kwa njia chungu zaidi. Popobawa aliposumbua Pemba na Unguja mwaka 1995, hapakuwa na sura moja ambayo watu waliafikiana. Jina lilitaja bawa, na mengine kila mmoja alisimulia lake. Kitisho kisicho na sura hakivumiliki muda mrefu. Watu hukitafutia uso, na mwaka ule uso uliopatikana ulikuwa wa mtu mwenye maradhi ya akili, aliyeuawa mjini Unguja na waliomdhania kuwa ndiye. Tabibu wa Qanun angemtambua mgonjwa. Mahakimu wa Bordeaux angalau wangemfungia mlango.

Ndiyo maana yastahiki kutazamwa kwa makini namna Werewolf by Night, mchezo wa televisheni wa mwaka 2022 ulioongozwa na Michael Giacchino na kupigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, ulivyoamua kutouonyesha mgeuko. Jack, anayeigizwa na Gael García Bernal, amefungiwa kizimbani pamoja na Elsa. Wakati wake unapofika, kamera inabaki kwa mwanamke; kivuli cha Jack kinapinda na kurefuka ukutani nyuma yake, na mtazamaji anausoma mgeuko wote katika uso wa yule atakayeuawa akiwa wa kwanza. Lakini kabla ya hapo, akiwa bado mtu, Jack alikuwa amemwomba ruhusa amkaribie, akamnusa kwa utaratibu, ili harufu yake ibaki mahali ambapo jina lake halitabaki. Mtu wa mchana alikuwa akimpelekea mtu wa usiku ujumbe, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, bila kujua kama utafika. Baadaye mnyama anamwangusha Elsa, anamwinamia, anainua mkono wenye makucha. Anamnusa. Mkono unabaki juu, kisha anamwacha, anatokomea gizani.