Mpole kwa Nani?

Mtu wa Shinyanga akiulizwa watu wa Nzega ni akina nani, anaweza kusema ni Wadakama, yaani watu wa kusini. Mtu wa Tabora akiulizwa swali hilohilo anaweza kusema hao ni Wasukuma, yaani watu wa kaskazini. Hakuna aliyekosea. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, sukuma na dakama ni pande za dunia, na upande hutegemea alipo msemaji. Hata jina la Wanyamwezi lilienezwa na watu wa pwani, waliokuwa wakiwaona wakitokea bara na pembe za ndovu mabegani. Naanzia kwenye majina haya kwa sababu yanatukumbusha jambo tunalolisahau upesi tunapozungumzia tabia: sifa apewayo mtu hubeba ndani yake mahali aliposimama anayeitoa. Tunasema fulani mkimya, fulani mkali, fulani hawezani na watu, kana kwamba tunataja rangi ya ng'ombe. Kumbe tunataja upande.

Siku hizi swali la nani anaweza kuishi au kufanya kazi na nani limepata wataalamu wake. Mwaka 1921 Carl Jung alichapisha kitabu kilichowagawa watu kwa jinsi nafsi zao zinavyoelekea nje au ndani. Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, wakayachukua mawazo hayo na kuyafanya dodoso lenye aina 16 za watu. Leo madodoso ya namna hiyo yanajazwa na waombaji kazi, wachumba na wahudhuria semina. Mtu anatoka na herufi nne na orodha ya aina anazopatana nazo. Mvuto wake naufahamu. Anayeambiwa kwamba ugomvi wake na mwenzake unatokana na aina zao hushusha pumzi, maana hakuna mwenye kosa. Lakini mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ameandikiwa yeye, nao kwa wastani wakayapa zaidi ya alama nne kati ya tano kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa maneno yaleyale. Na kipimo kilicho makini zaidi, kile cha sifa kuu tano kinachoheshimiwa vyuoni, kilipopelekwa kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 haukuzikuta zile tano zikijipanga kama zinavyojipanga kwa wasomi wa Ulaya na Marekani. Hilo halithibitishi kwamba tabia haipo. Linaonyesha kwamba hata orodha ya sifa ina kwao.

Dodoso huuliza: je, wewe ni mtu wa maneno mengi? Kwa aliyelelewa katika kijiji cha Kinyamwezi swali hilo halijakamilika. Mbele ya nani? Mchukue kijana mmoja na siku yake moja. Asubuhi anamwona mama mkwe njiani. Anapinda pembeni ya shamba, macho chini, salamu inapita kwa mbali. Mchana yuko kisimani na shemeji yake, wanatupiana maneno kwa kicheko mpaka ndoo inamwagika. Jioni babu anamtangazia kwamba bibi ni mke wao wote wawili, ila mjukuu hana nguvu za kumlimia, naye anajibu kwa maneno ambayo akimwambia baba yake wataitwa wazee. Saa ngapi katika siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe? Mtunga dodoso angejumlisha na kugawanya, akapata mtu wa maneno ya wastani, mtu ambaye hakuonekana saa yoyote ya siku ile. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba utani na kuepukana ni njia mbili za kutunza uhusiano wa aina moja, ule unaowaunganisha watu huku ukiwaacha na sababu za kugombana. Nakubaliana naye, na naona jambo la pili ambalo kwangu ni kubwa zaidi: njia hizo hazimuulizi mtu ana hulka gani. Mkimya anapewa mahali ambapo lazima aseme, na mropokaji anapewa mahali ambapo lazima anyamaze.

Kuna atakayepinga kwamba hizo ni adabu tu, vazi la juu, na chini yake kila mtu ana hulka yake aliyozaliwa nayo. Mama mwenye watoto watano anaijua tofauti yao kabla hawajaota meno. Huyu analia usiku kucha, yule anatulia hata akiwa na njaa. Sina ubishi na mama huyo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba kwa kuwa hulka ipo, basi hulka ndiyo inayoamua nani atapatana na nani. Kiswahili kinatushika mkono hapa. Tabia ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, na kule linataja maumbile. Sisi tunasema tabia hujengwa, huharibika, hurekebishwa. Kwa neno moja tunataja alichozaliwa nacho mtu na alichozoeshwa, na sioni kwamba huo ni upungufu wa lugha. Aliyetaka kuvitenganisha vitu hivyo viwili na atueleze habari za Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa, akaishi India, akarudi, na katika njia ya Tabora alifanya kazi na wasafiri kadhaa wa Kizungu. John Hanning Speke, aliyekuwa naye tangu 1857 na tena kuanzia 1860, alimsifu kwa uaminifu na moyo mwema. Henry Morton Stanley, mwaka 1871, alimwona mkaidi na mzembe, akafikia hata kumpiga. Verney Lovett Cameron, aliyevuka naye bara zima hadi pwani ya Atlantiki kati ya 1873 na 1875, alilalamika kwamba hakumkuta mtu yule aliyesifiwa. Umri unaweza kueleza sehemu ya tofauti hiyo. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, inaelezwa na jambo dogo: Speke na Bombay walikuwa na lugha yao, Kihindustani, ambayo wote wawili waliipata India, na ndani yake waliweza kuzungumza njia nzima. Bombay wa Speke na Bombay wa Stanley ni mtu mmoja aliyetazamwa kutoka pande mbili.

Msafara wa wapagazi katika njia hiyo ndio ushahidi ninaoutegemea zaidi, maana pale watu wa kila hulka walifungwa pamoja kwa miezi, na mzigo wa zaidi ya kilo 30 begani. Richard Burton, aliyesafiri na Speke mwaka 1857, aliyaandika mambo yake kwa makini. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera. Nyuma kabisa alikuja mtongi, mwenye mali. Wabeba pembe walikuwa na heshima ya juu, na kwenye ncha ya pembe walifunga kengele, wakasikika kabla ya kuonekana. Na ilikuwa marufuku mpagazi kumpita kirangozi. Aliyempita alichomolewa mshale kwenye podo lake, ukahifadhiwa mpaka kambini ili kumtambulisha, kisha akalipa faini. Nautafakari mshale huo mara nyingi. Katika kundi la mamia ya vijana lazima kulikuwa na mwenye haraka, ambaye mwendo wa wenzake ulimkera. Msafara haukumwambia awe mtulivu. Haukuchunguza nafsi yake, wala haukumtenga na wazito wa miguu. Ulichukua mshale mmoja, kitu kinachoshikika na kurudishwa, na jioni mambo yakaisha mbele ya watu. Vivyo hivyo mwenye kupenda kutazamwa hakukemewa kwa majivuno. Alipewa kengele na mzigo mzito kuliko wote. Na barabara hiyohiyo iliwafanya wageni kuwa watani, kama Wanyamwezi na Wazaramo, ambao nchi zao zimetengwa na mwendo wa wiki nyingi. R. E. Moreau, aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944, aliona kwamba makabila mengi yanayotaniana ni yale yaliyowahi kupigana au kukutana safarini. Ugomvi uliokwisha uligeuzwa ruhusa ya kusemana.

Ndani ya msafara huohuo walikuwemo wawili wasiokuwa na ruhusa hiyo. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Burton alikuwa mtu wa lugha na mazungumzo, akakaa kwa furaha na wafanyabiashara wa Kiomani kama Snay bin Amir. Speke alikuwa mwindaji, hakujua Kiarabu, na baraza zile zilimchosha. Julai 1858 alielekea kaskazini bila Burton, akaliona ziwa aliloliita Victoria; aliporudi akasema amepata chanzo cha Nile, na Burton hakukubali. Wapenda aina za watu watasema hapa pana mfano wao: hulka mbili zisizochanganyika. Ila sikiliza kilichotokea Oktoba ile, walipokuwa wakirudi pwani, mahali paitwapo Hanga. Speke alishikwa na maradhi ambayo wenyeji waliyaita kichomachoma, akaweweseka kwa homa, na katika kuweweseka, kwa maelezo ya Burton, akayatoa malalamiko aliyoyaweka moyoni kwa miaka mitatu: neno moja aliloambiwa na Burton siku waliposhambuliwa Berbera mwaka 1855, katika safari yao ya kabla ya hii, ambalo alilichukua kama tuhuma ya woga, na shajara yake ambayo Burton aliichapisha kwa namna asiyoipenda. Miaka mitatu! Walikuwa wamelala hema moja, wameuguzana, wamevuka nusu ya bara, na neno hilo halikupata pa kutokea mpaka akili ilipolegea. Tofauti zao zilivumilika barabarani. Lililokosekana ni mahali pa kuzisema. Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa kati yao huko Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba utani huumiza. Ofisini, neno linaloitwa utani mara nyingi ni fimbo ya mkubwa, na anayechekwa hucheka kwa kuwa ana kodi ya kulipa mwisho wa mwezi. Ni kweli, na nisingependa hoja yangu imfae bosi wa namna hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na ni haki kabisa. Lakini kile si utani. Utani wenyewe una masharti: unarudishwa, kwa hiyo anayesema leo anasemwa kesho, una watu wake wanaojulikana, na una deni. Anayeruhusiwa kukucheka ndiye anayewajibika msiba ukikufika, akishika kazi ambazo wenye uchungu hawaziwezi. Bosi asiyetaniwa na asiyefika msibani hajawa mtani wa mtu. Kwa hiyo, mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulipoanza kazi Lusu, karibu na Nzega, mwishoni mwa miaka ya 1990, na watu wa makabila na nchi mbalimbali wakapangwa zamu moja, la kuuliza halikuwa ni nani mkimya na nani msemaji. La kuuliza lilikuwa ni nani kati yao ana haki ya kumwambia mwenzake neno gumu, na atalisemea wapi.

Ndoa ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa humo dodoso linapendwa kuliko kote. Zamani hakuna aliyetegemea kwamba watu wawili watatosheana wenyewe kwa wenyewe. Mke wa mume mkimya alikuwa na mashemeji wa kumsemea. Alichoshindwa kumwambia mumewe kilimfikia kwa njia ya mzaha wa mdogo wake, kikiwa kimepoa. Mume mkali alikuwa na bibi wa kumfokea akaishia kucheka. Sasa vijana wawili wa Nzega wanapanga chumba kimoja na sebule Dar es Salaam, na kila uhusiano ambao ungebebwa na watu wanane unawaangukia wao. Wakigombana wanajiuliza kama waliokotana vibaya, kama aina zao hazikulingana. Huenda walilingana vya kutosha, ila wamebaki wawili. Ndiyo maana usiku wa ugomvi mkubwa, kabla ya mtu kufungasha nguo, simu ya kwanza bado hupigwa kwa mshenga, ambaye hajui herufi nne za yeyote kati yao.