Ngazi Tisa na Kura ya Mjomba

Mjomba wangu ni diwani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 inataka mabaraza yawe na madiwani wawili wa kuwakilisha watu wenye ulemavu, mmoja wao mwanamke, na katika baraza la mji mmoja mdogo upande wetu wa Bwera yeye ndiye mwanamume wa jozi hiyo. Jina la mji nitaliacha, kwa sababu haya ningeweza kuyaandika kuhusu miji mingi. Ukumbi wa baraza hilo uko juu ya ngazi tisa, na mjomba hana miguu.

Aliipoteza mwaka 1999, wakati waasi wa ADF walipokuwa katika milima ya Rwenzori. Alikanyaga bomu lililotegwa ardhini akienda kuchuma kahawa. Mguu mmoja ulibaki shambani, wa pili ukakatwa hospitalini. Siku hizi huenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono, na mabega yake ni mapana kuliko ya yeyote katika ukoo wetu. Akifika chini ya ngazi huiacha baiskeli kivulini, analetewa kiti cha plastiki, na wanaume wanne wanakishika kila mmoja kwa mguu wake na kumpandisha. Mmoja ni mlinzi, wawili ni waendesha bodaboda wa stendi iliyo mkabala, wa nne ni yeyote anayepita. Hawadai malipo, na sijawahi kuwasikia wakinung'unika.

Likizo iliyopita wa nne nilikuwa mimi, kisha nikaruhusiwa kukaa nyuma ya ukumbi nisikilize. Walikuwa wanajadili bajeti. Fedha zilizobaki kutoka ushuru wa soko zilitosha jambo moja tu: ama njia ya mteremko ya kufikia ukumbi, pamoja na choo ambacho kiti cha magurudumu kingeweza kuingia, ama vyoo vya shule ya msingi, ambako kingo za shimo zilikuwa zimeanza kubomoka. Mwenyekiti akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mheshimiwa anayehusika na jambo la kwanza atangulie kutoa maoni. Mjomba akanyoosha mkono na kusema: watoto kwanza. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilipiga, nikajivunia damu yangu. Halafu tukambeba kumshusha, na njiani watu wakawa wanamshika mkono.

Fahari hiyo ilidumu siku chache. Jioni moja, tukimenya mihogo, nilimwambia kwamba uamuzi wake ulikuwa mzuri. Hakuniangalia. Akasema, "Mpwa wangu, ulitaka niseme nini? Wawili kati ya wanaonibeba wana watoto katika shule ile."

Tangu jioni ile sijui tena nilichokuwa nikikipigia makofi.

Kwa kawaida swali la fedha za kurekebisha majengo ya umma huulizwa hivi: je, ni haki kutumia mali ya wengi kwa faida ya wachache? Kwanza, hao si wachache kama tunavyodhani. Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 ilikuta kwamba kiasi cha watu 12 katika kila 100 wana ulemavu wa aina fulani. Lakini sitaki kushinda hoja kwa hesabu, maana mwenzangu anaweza kunijibu kwa hesabu nyingine: katika mji wa mjomba, wenye kutumia kiti cha magurudumu na wenye shughuli barazani huenda wasifike ishirini, na watoto wa shule ile ni mamia. Amartya Sen aliionyesha hatari hii katika mhadhara wake wa mwaka 1979 kuhusu usawa. Tukikusanya furaha ya watu wote na kutafuta jumla kubwa zaidi, mtu mwenye ulemavu anaweza kupewa kidogo kwa sababu hiyo hiyo kwamba shilingi moja kwake huzaa furaha ndogo kuliko kwa mwingine. Mahitaji yake makubwa yanageuka kuwa sababu ya kumpunguzia.

Sisemi kwamba uhaba ni kisingizio tu. Wilaya ya Kasese imeona Mto Nyamwamba ukifurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, ukaharibu nyumba, barabara na hospitali ya Kilembe. Aliyeona maji yakibeba wodi hawezi kuambiwa kwamba fedha zipo tele na tatizo ni roho mbaya za viongozi. Vyoo vya shule vilikuwa vinabomoka kweli. Mtoto angeweza kutumbukia.

Ninachouliza ni nani aliyeweka vitu viwili hivyo kwenye mizani moja. Katika karatasi ile ile ya bajeti, ambayo niliisoma nikiwa nyuma ya ukumbi, kulikuwa na rangi ya ukuta wa nje, viti vya wageni na posho za vikao. Hakuna aliyesimama kusema: tuchague kati ya viti vya wageni na vyoo vya watoto, na mheshimiwa anayependa viti atangulie kutoa maoni. Mambo hayo yalipita kama pumzi. Ni njia ya mjomba peke yake iliyopelekwa kushindana na usalama wa watoto, na ni yeye peke yake aliyetakiwa kuonyesha moyo wake mbele ya watu.

Zaidi ya hapo, ngazi zenyewe zilijengwa kwa fedha. Nilizipima: kila moja ni kama sentimita 15, kwa hiyo sakafu ya ukumbi iko sentimita 135 juu ya ardhi. Ngazi ni kifaa cha kuwasaidia watu wasioweza kuruka mita moja na sentimita 35, yaani karibu sisi sote. Siku jengo lilipochorwa hakuna aliyeandika katika bajeti "msaada kwa wasioweza kuruka". Saruji ile ilihesabiwa kuwa sehemu ya jengo, kama paa na mlango. Basi kwa nini saruji itakayomfikisha mjomba mahali pale pale iitwe msaada?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kwamba lugha nayo imelipitia jambo hili. Kiwete, kiziwi, kipofu na kilema yamekaa katika umbo la ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kikapu, lakini upatanisho wake ni wa watu: tunasema kiziwi amefika, hatusemi kimefika. Leo tunaandika "mtu mwenye ulemavu", na ni vizuri. Ila nina wasiwasi kidogo na semina zetu ambazo humaliza saa mbili zikisahihisha majina katika ukumbi wa ghorofa ya pili usio na lifti.

Wanaotetea mjomba husema mambo mawili, na yote mawili yananisumbua. La kwanza ni methali: hujafa hujaumbika. Jenga njia leo, kesho huenda ukaihitaji wewe. Ni kweli kabisa, na katika nchi ya bodaboda ukweli wake unaonekana kila wiki. Lakini hiyo ni hoja ya bima. Inamwambia diwani ajijengee mwenyewe. Kama malaika angemshukia diwani huyo na kumhakikishia kwamba yeye na wanawe watakufa na miguu yao, je, deni lake kwa mjomba lingefutika? Nadhani halingefutika, kwa hiyo msingi wake hauko kwenye methali ile.

La pili ni vita. Mjomba aliumia kwa bomu lililotegwa katika vita ambavyo hakuvianzisha. Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imesafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya ardhini, na wengine huuliza: kama dola iliweza kulipia kusafisha ardhi, itashindwaje kulipia njia ya walioumizwa na ardhi hiyo? Hoja hii niliipenda sana, hata nilitaka iwe kiini cha insha. Kisha nikamkumbuka jirani yetu mshona nguo, ambaye polio ilimpata utotoni. Yeye hana vita vya kutaja. Tukisema njia ni fidia ya vita, tutaanza kusimama mlangoni tukimuuliza kila mtu miguu yake ilikwenda wapi, na wenye hadithi nzuri watapita.

Kuna mfano ulio karibu zaidi nasi. Anayeingia Hifadhi ya Malkia Elizabeth, akaenda Mweya kutazama viboko wa Mfereji wa Kazinga, hulipa kiingilio, na sheria inataka asilimia 20 ya viingilio hivyo irudi kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi. Tembo hula mahindi yetu. Sehemu ya fedha inarudi. Tunalalamika kwamba haitoshi, tunalalamika kwamba inachelewa, na hakuna anayetuita wasio na shukrani, maana ni mgawo. Mtu anaweza kuudai mgawo wake akiwa ameketi. Msaada huombwa, na anayeomba huangalia kwanza uso wa anayempa.

Hapo ndipo jibu la mjomba linapoingia. Mimi nilidhani ngazi tisa zinamgharimu jasho na muda. Kumbe zinamgharimu kura. Mtu anayebebwa na wanaume wanne hawezi kuwakasirisha, hata wakiwa watu wema, na pengine hasa wakiwa wema. Angeweza kupinga ushuru mpya wa stendi ya bodaboda, au kuuunga mkono, lakini kabla ya kunyoosha mkono itambidi akumbuke nani atakayemshusha. Madiwani wengine waliingia ukumbini kwa miguu yao, na siku ile ni wao tu waliokuwa huru kusema watoto wangoje. Sheria ya mwaka 1997 ilimpa kiti, na ngazi zikamrudishia masharti.

Palipo tambarare, mambo hubadilika. Katika mpaka wa Goma na Gisenyi, watu wenye baiskeli za magurudumu matatu kama ya mjomba wanajulikana kwa biashara ya kuvusha mizigo. Baiskeli hupakiwa magunia mpaka dereva haonekani, na vijana wenye miguu miwili hupata riziki kwa kuisukuma. Aliyekuwa wa kubebwa amekuwa wa kubeba. Serikali yetu inaelewa nusu ya jambo hili. Tangu mwaka wa fedha 2009/2010 imekuwa ikitoa ruzuku maalumu kwa vikundi vya watu wenye ulemavu ili waanzishe miradi. Mtaji ni jambo jema, lakini mtu hupewa mtaji kisha akakuta soko lina ngazi.

Kwa hiyo, katika majengo mapya, sioni cha kujadili. Gharama ya kufika ndani iwe ndani ya bei ya jengo, isitengewe fungu lake la huruma ambalo mtu anaweza kulikata bila kugusa paa. Kusubiri ndiko ghali. Viwango vinavyotumika sana vinataka mteremko wa 1 kwa 12, yaani kwa ngazi zile tisa mita zaidi ya 16 za zege, na sehemu ya kupumzikia katikati. Mwinuko mfupi zaidi ni ngazi iliyolala tu; nimeona mmoja mbele ya duka ambako mjomba alirudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Kwa majengo ya zamani sina jibu safi. Labda vyoo vya watoto vilistahili kutangulia mwaka ule, na kama ningekuwa diwani mwenye miguu huenda ningevipigia kura hivyo hivyo. Lakini kuna mwembe mkubwa nyuma ya ukumbi ule, na chini yake watu hufanyia vikao vya harusi na vya msiba. Baraza lingeweza kuketi pale tangu wiki ile bila kutumia hata shilingi. Nilipomtajia karani wazo hilo, alicheka, akasema baraza lina heshima yake. Nikajua kwamba fedha hazikuwa zimekwamisha kila kitu.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Wameanza kuchimba msingi wa ofisi mpya ya kodi upande wa pili wa barabara, na alitaka niende na futi ya kupimia kabla sijarudi chuoni. Fundi alinionyesha kamba inayoonyesha sakafu itakapofika: sentimita 45. Ngazi tatu, au mteremko wa mita tano na sentimita 40. Nilimwandikia kwenye karatasi, akaikunja na kuitia katika mfuko wa shati. Kikao kilikuwa Alhamisi, na waliombeba walikuwa wale wale.