Kifaranga Aliyekwama Kwenye Ganda



Likizo hii nilikuwa nyumbani Buhongwa, Mwanza. Mdogo wangu alikuwa ameweka mayai 40 ya kware kwenye mashine ndogo ya kutotolesha. Kazi hiyo haitaki haraka. Joto linakaa nyuzi 37.5, mayai yanageuzwa mara kadhaa kwa siku, na zikibaki siku 3 hivi unaacha kuyageuza na unaongeza unyevu. Siku ya 17 au 18 vifaranga wanatoka, wadogo hata kidole gumba kinawazidi.

Usiku ule wengi walishatoka. Mmoja alikuwa ametoboa ganda tangu mchana, halafu kimya. Mdogo wangu akasema, "Kaka, muache." Mimi, Frateri mwenye digrii ya falsafa, sikumuacha. Nikabandua ganda kwa kucha. Damu ikatoka. Kiini kilikuwa bado hakijaingia tumboni. Akafia mkononi mwangu.

Kumbe kile kimya hakikuwa kushindwa. Katika saa zile kifaranga anaanza kupumua, anavuta damu iliyobaki kwenye mishipa ya ndani ya ganda, na anakiingiza kiini tumboni kiwe chakula chake cha mwanzo. Mimi niliona amekwama, kumbe yuko kazini.

Aristotle alivunja mayai ya kuku siku baada ya siku ili aone kifaranga anavyokua, akauona moyo ukidunda kama tone la damu. Ndiye aliyetufundisha kutofautisha kile ambacho kitu kinaweza kuwa na kile ambacho tayari kimekuwa. Somo hilo darasani nilifaulu. Usiku ule nikafeli.

Basi, upendo ni kusubiri tu? Hapana. Kesho yake mwingine alikwama, ngozi ya ndani ya yai imemkaukia mwilini kama karatasi. Kwa kuogopa kosa la jana, sikumgusa. Naye akafa. Na hata waliotoka salama wasingeishi bila sisi: wanahitaji taa ya kuwapa joto, na kokoto kwenye kisahani cha maji wasije wakazama. Msamaria Mwema naye hakukaa pembeni kungoja yule majeruhi ainuke mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni moja haitoshi. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba busara haitoshi kujua kanuni za jumla tu, ni lazima ilijue pia jambo hili hili lililo mbele yako. Mimi nimebaki na swali moja la kunisaidia: ninapoingilia, namwondolea nani maumivu? Usiku ule niliyaondoa ya kwangu. Nilichoka kutazama.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu. Alipomaliza Form Four alikuwa kimya, anatafakari. Mimi nikaona amekwama. Nikamchagulia kozi, nikamjazia fomu, nikaongea na mzee kwa niaba yake. Aliacha chuo mwaka jana, na tangu hapo tulikuwa tunasalimiana tu.

Akiwa anamzika kifaranga chini ya mpapai, nilimwomba msamaha. Nilianza na kifaranga, nikaishia na fomu. Alikaa kimya muda mrefu, na safari hii nami nikanyamaza. Mwishowe akasema, "Sawa, Kaka. Kalete maji ya vifaranga." Sijui kama amenisamehe kabisa. Nilienda kuleta maji.

Kijana mwenzangu, wiki hii mtazame yule unayemhangaikia: mdogo wako, rafiki, mchumba. Anakosa hewa, au anahitaji muda? Usijibu haraka. Muulize mwenyewe.

Tuombe: Ee Bwana, unayetungoja bila kutuacha, utupe macho ya kuona wakati wa kunyoosha mkono na wakati wa kuurudisha. Amina.