Mzigo na Mwenyewe

Siku ya 16 tulirudi Pokhara. Basi lilitutua karibu na Ziwa Phewa wakati wa alasiri, nami, mtu wa kisiwani niliyekosa maji mapana kwa wiki mbili na zaidi, nikaenda moja kwa moja ukingoni kuchovya mikono. Hayakuwa na chumvi, lakini yaliniliwaza. Nyuma yangu, kijana wa Kinepali aliyenibebea mzigo njia nzima alikwisha ushusha kutoka juu ya basi, akajitwika tena, na alikuwa amesimama akiningoja.

Nakiri, msomaji mpenzi, sikumwona. Nilikuwa nikitunga. Tangu tulipovuka kipito cha Thorong La, mita 5,416 juu ya usawa wa bahari, ambako pumzi moja humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni aipatayo ufukweni, nilikuwa na shairi kichwani la kuzisifu nyayo zangu. Beti tatu zilikwisha timia. Haukuwamo hata mmoja uliomtaja yeye.

Usiku ule nikaandika daftarini: "Nimevuka mlima." Hapo kazi yangu ya kutafsiri ikanisuta, maana mfasiri hana budi kuuliza kila mara mtenda ni nani. Lugha yetu ni hodari katika jambo hili: kubeba, kubebwa, kubebewa, kubebeshwa, shina moja, na kila mtu amewekwa mahali pake. Mimi nilipanda, ni kweli. Lakini dawa, blanketi, viatu vya akiba na vitabu vinne nisivyovifungua (vitabu vinne!) vilipandishwa, ndani ya tenga la mianzi waliitalo doko, kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso wa mtu mwingine.

Nilimlipa ujira tuliopatana, na bahashishi juu yake. Je, deni limekwisha? Wapo watakaosema limekwisha: aliitaka kazi, na kumnyima kwa jina la huruma ni dhuluma nyingine. Hoja hiyo nzito, siipuuzi. Ila ujira ni malipo ya kazi. Sijui kama ni malipo ya hatari. Oktoba 2014 dhoruba ya theluji iliwaua watu zaidi ya 40 katika milima hiyohiyo, wageni na wenyeji, wapagazi wakiwamo. Kijana wangu alivuka kwa koti jepesi kuliko langu, nami sikumwuliza.

Wala sisi wa pwani tusijifanye wageni wa habari hii. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo hata Ujiji, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Tippu Tip alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Wapagazi wake tunawajua kwa majina wangapi?

Asubuhi alikuja kuniaga. Akaligusa koti langu, akauliza kama bado nina haja nalo. Nikamwambia si langu, ni la kuazima. Na kweli lilikuwa la shemeji yangu, aliyewahi kuishi Uingereza. Akacheka, akanipa mkono, akaenda zake.

Nilipofika nyumbani nikamrudishia shemeji koti lake. Akaniuliza kwa nini nimejisumbua kulirudisha, kisha akalitundika nyuma ya mlango. Lingali pale.