Kompyuta Yako Haijafika Mwisho

Umeambiwa kompyuta yako imezeeka na dawa yake ni kununua nyingine. Usikubali haraka hivyo. Ndani ya kasha la mashine ya mezani kuna mazabodi, prosesa, RAM, kadi ya grafiki, diski na pawa saplai, na kila kimoja kinatoka peke yake. Kinachochoka huwa kimoja au viwili. Gemu likianza kukwama pale wachezaji wanapojaa uwanjani, au risasi ikichelewa kutoka ukiwa umeshabonyeza, huenda aliyechoka ni prosesa, na prosesa hubadilishwa. Unaibadilisha wewe mwenyewe, kwa bisibisi ya nyota, juu ya meza ya chakula, Jumamosi moja mchana.

Inaniuma kuona kijana mwenye kadi nzuri ya grafiki anaiuza pamoja na mashine nzima kwa bei ya kutupa, kisha anaanza kudunduliza upya kutoka sifuri. Hakukosa fedha, alikosa mtu wa kumwambia kwamba kazi hii anaiweza. Basi nakwambia wewe: unaiweza.

Anza kwa kupima. Katika gemu, prosesa ndiyo inayohesabu mpira unaelekea wapi, adui amejificha wapi, ukuta umegongwa au haukugongwa, halafu inaipa kadi ya grafiki maagizo ya kuchora. Gemu likienda kwa fremu 60 kwa sekunde, fremu mpya lazima iwe tayari kila baada ya milisekunde 16.7. Prosesa ikichelewa, kadi inakaa bure ikisubiri maagizo. Sasa ingia kwenye mipangilio ya gemu ushushe picha kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, kwa hiyo iache prosesa yako ilivyo. Zikibaki palepale, mara nyingi mchawi ni prosesa. Kipimo hiki hakikugharimu hata senti, na kitakuokoa usinunue kitu usichokihitaji.

Kwa mpiganaji wa Tekken hili si jambo la anasa. Gemu lile linakwenda kwa fremu 60, na ngumi ya haraka hufika ndani ya fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Sylvia Gathoni wa Kenya, ambaye ulimwengu wa gemu unamjua kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa mchezo huohuo. Njia ipo, na imeshapitwa na mtu wa kwetu. Lakini vidole vinavyofanya mazoezi kwenye mashine inayokwama vinajifunza wakati usio sahihi, na siku ya mashindano vitakusaliti.

Ukishapima, ijue mashine yako ni ya ukoo gani. Nyingi tunazonunua Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, zimetoka maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, zenye Core i5 ya kizazi cha nne, za mwaka 2013 na 2014, zinazotumia RAM ya DDR3. Prosesa hizo zina viini (core) vinne na nyuzi nne tu, na gemu za leo zinazimaliza zote bila kutosheka. Zaidi ya hapo, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi hicho hakimo katika orodha ya Windows 11. Lazima pia nikwambie ukweli ambao muuzaji hatakwambia: mashine hizi za ofisini zina pawa saplai yenye plagi zake za pekee na mazabodi yenye umbo lake la pekee. Mazabodi ya kawaida ya dukani inadai plagi ya pini 24. Kwa hiyo ukitoka huko, panga bajeti ya kasha na pawa saplai pia. Isikukatishe tamaa! Kadi, diski, skrini, kibodi na kipanya vinabaki vyako, na kasha la kawaida ukishalinunua litakufaa kwa miaka mingi.

Kama mashine yako ina soketi, yaani kiti cha prosesa, ya AM4 ya AMD, una bahati kubwa, na nataka uijue vizuri. Ryzen za kwanza zilitoka mwaka 2017. Soketi hiyohiyo ikapokea vizazi vilivyofuata hadi Ryzen 5000, na mwaka 2022 AMD ikaruhusu hata mazabodi za mwanzo, za B350 na X370, zizipokee baada ya kuwekewa bayosi mpya, ile programu inayoiwasha mazabodi. Aprili mwaka huo ikatoka 5800X3D. Ndugu yake 5800X ana kache ya MB 32. 5800X3D ina MB 96, kwa kuwa kache ya ziada imerundikwa juu ya prosesa yenyewe. Gemu hulipenda jambo hilo sana, maana data inayotakiwa kila fremu inakaa karibu badala ya kufuatwa kwenye RAM. Aliyenunua mazabodi mwaka 2017 anaweza kuruka miaka mitano mbele bila kuibadilisha. Ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina la mazabodi yako, soma orodha ya prosesa inazokubali, weka bayosi mpya kwanza, ndipo uende dukani.

Intel hubadilisha soketi mara kwa mara: 1200 mwaka 2020, 1700 mwaka 2021, 1851 mwaka 2024. Huko, prosesa mpya mara nyingi hudai mazabodi mpya. Soketi 1700 ina mazabodi za DDR4 na za DDR5, na nyingi hupokea aina moja tu. Ukiwa na DDR4 nzuri tayari, chagua mazabodi itakayoipokea uokoe fedha. AM5 ya AMD, ya mwaka 2022, ni DDR5 tu. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: taja soketi, taja aina ya RAM, na kama ni mtumba, iwashwe mbele yako.

Sasa kazi yenyewe. Nakili faili zako kwenye diski nyingine, na uiunganishe Windows na akaunti yako ya Microsoft, kwa sababu ukibadilisha mazabodi leseni inaweza kukataa. Kabla ya kuitoa feni ya AM4, cheza gemu dakika kadhaa ili pesti ya joto iliyo kati yake na prosesa ilainike, kisha zima, chomoa waya wa umeme, na uizungushe feni kidogo kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukiivuta kwa nguvu ikiwa baridi, inaweza kung'oka na prosesa pamoja na kupinda pini zake. Prosesa mpya ina pembetatu ndogo pembeni; ilinganishe na ile ya kwenye soketi, na katika AM4 iache izame yenyewe bila kusukumwa. Kwenye Intel, wenzo wa kufungia unahitaji nguvu na hutoa mlio wa kukwaruza unaotisha. Usiogope, ndivyo unavyofungwa. Pesti kiasi cha punje ya choroko inatosha, kisha funga feni juu yake na uchomeke waya wake.

Kama umebadilisha mazabodi, ifunge juu ya viguzo vya shaba vya kwenye kasha, chomeka plagi ya pini 24, halafu ile ya pini 8 iliyo juu karibu na prosesa, ambayo wengi huisahau. Waya wa skrini uingie kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa, hasa kwa DDR5, kwa sababu mazabodi inajifunza RAM yake. Subiri. Usizime! Ikishawaka, ingia kwenye bayosi uwashe mpangilio wa XMP au EXPO, la sivyo RAM uliyoilipia itakwenda kwa mwendo wa chini.

Halafu lifungue gemu lako, palepale lilipokuwa linakwama, na utazame namba za fremu.

Mikono ikishafanya hivi mara moja, haitaogopa kasha lolote tena. Mtaani kwako watakuita, na wapo mafundi walioanzia hapohapo, kwa mashine yao wenyewe. Basi pima usiku huu. Kesho andika jina la mazabodi yako na soketi yake kwenye karatasi, uende nayo dukani, na usirudi na kitu ambacho hakimo kwenye karatasi hiyo.