Kuurefusha Mstari

Je, kuurefusha mstari kwenye kompyuta ni kusema uongo? Swali hili hunijia ninapochora ramani za mashamba ya huku Busia kwa programu ya AutoCAD.

Mstari wenyewe ni mtiifu mno. Mita 29.6 hugeuka 30 kwa kuandika namba tu. Hakuna mkonge unaong'olewa. Ila programu hungoja niguse karibu na ncha moja, na ncha hiyo ndiyo itakayosogea. Kwake zote mbili ni sawa. Shambani kila ncha ina jirani.

Wapimaji wana njia yao. Vipimo vikizunguka shamba visikutane pale vilipoanzia, kosa likiwa dogo hugawanywa kwa mistari yote, kila mmoja kwa kadiri ya urefu wake. Huo sidhani ni uongo: hakuna anayechaguliwa abebe hasara peke yake, na hesabu inabaki wazi kwa mkaguzi. Kuvuta mstari mmoja ili picha ifunge ni jambo jingine, hata kama ramani zote mbili zitafanana machoni.

Wengine watanikumbusha kuwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 inakubali kwamba ramani nyingi huonyesha mipaka kwa makadirio tu. Kweli. Lakini makadirio hayamjui jirani yeyote. Mimi ninayegusa ncha ninamchagua. Mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa Kenya ya leo kwa amri, na Wateso wa Tororo na wa Busia wakawa wa nchi mbili bila kuhama.

Kwa hiyo pengo la sentimita 40 naliacha lionekane. Pembeni naandika kipimo nilicholetewa, kisha namwomba mpimaji arudi shambani na tepu yake, majirani wote wawili wakiwepo.