Aliyeficha jina lake: anatoa sadaka au anapoteza muda?

 

Ndugu msomaji, lipo swali ambalo vijana wetu huuliza na sisi walimu mara nyingi hulijibu kwa mkato. Kijana anaokota vitu vilivyotupwa, anaunda kitu cha kupendeza, kisha anakiacha barabarani kwa ajili ya watu asiowajua. Hakuna jina lake pale, wala hakuna bei. Je, ana thawabu mbele ya Allah (s.w.), au amepoteza muda wake kwa mchezo?

Tuchukue mfano ili tusizungumze hewani. Fukayosi, Wilaya ya Bagamoyo, ipo kwenye barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, na wapita njia pale ni wengi. Tuseme kijana wa hapo anakusanya tairi bovu, vizibo vya soda, ndala zilizokatika na vipande vya vigae. Anatengeneza kiti, anakipamba kwa nyota za vizibo, anakiweka chini ya mwembe usiku na kwenda zake. Asubuhi mama mwenye mtoto mgongoni anayesubiri gari anakaa hapo. Mtoto anaanza kuhesabu zile nyota. Mama hajui amshukuru nani.

Wapo watakaosema huu ni upuuzi, vijana waende wakatafute riziki. Jibu hilo lina haraka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti, kitakachokuliwa humo na mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake. Aliyepanda hamjui ndege atakayekuja, wala ndege hamjui aliyepanda. Sadaka imekamilika bila wawili hao kujuana. Ametufundisha pia kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni katika imani. Basi aliyeondoa tairi lililokuwa likifuga mbu kwenye mtaro, akaligeuza mahali pa kupumzikia, amefanya mambo mawili kwa pamoja.

Watasema: kiti sawa, lakini hizo nyota za vizibo zina faida gani? Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Na wazee wetu wa pwani hii walilielewa hilo. Nenda Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, uyaone magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13. Mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yaani vitu walivyovipata pale pale ufukweni. Katika makaburi ya nguzo ya Kaole na Kunduchi walipachika mabakuli ya kaure kutoka China, chombo cha kulia chakula kikawa pambo la ukutani. Suala la kujengea makaburi lina hukumu yake katika sharia, na leo silo tunalolijadili. Ninachotaka kuonesha ni kwamba kazi ile ipo hadi leo, wageni wanaitazama, na majina ya mafundi hatunayo.

Hata hivyo, si kila kinachookotwa ni halali, na si kila kinachopendeza kinafaa. Yapo mambo ambayo kijana huyo lazima ayapime.

Kwanza, mali yenyewe. Kuokota si sawa na kumiliki. Mtume (s.a.w.) aliiona tende njiani, akasema kuwa lau si kuhofia kwamba ni ya sadaka angeila. Wanazuoni wamechukua hapo kuwa kitu kidogo ambacho mwenyewe hatakitafuta hakina tatizo. Lakini chenye thamani kina utaratibu wake wa kutangazwa mwaka mzima. Katika nchi yetu alama za barabarani na vyuma vya madaraja vimekuwa vikiibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Anayeunda pambo kwa chuma cha daraja hajatoa sadaka. Amegawa mali ya wizi.

Pili, umbo lenyewe. Makatazo ya kutengeneza taswira za viumbe wenye roho yanajulikana. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza taswira, alimtajia makatazo hayo, kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Angalia hekima hiyo. Hakumfungia mlango wa kazi ya mikono yake, alimfungulia mwingine ulio halali. Walimu wenzangu, na tujifunze hapo kabla ya kumkaripia kijana.

Tatu, nia. Qur'an (2:271) inatufundisha kuwa sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri wakapewa mafakiri ni bora zaidi. Kwa hiyo kujulikana peke yake si dhambi. Mwaka 2018 huko Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha baharini jahazi liitwalo Flipflopi, lenye urefu wa mita 9 hivi, lililoundwa kwa tani 10 hivi za taka za plastiki na kufunikwa kwa ndala zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, likitia nanga katika miji ya pwani kuwaeleza watu madhara ya plastiki baharini. Kazi hiyo isingefaa kufichwa, maana kujulikana ndiko kulikofikisha somo. Mwaka huo huo, Juni 1, Tanzania Bara ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Lakini kiti cha Fukayosi hakina somo la kutangaza. Kinamhudumia aliyechoka, na hilo linatimia bila jina.

Nne, na hapa ndipo wengi hawapaangalii, ni dhamana. Tuseme kiti kile kina msumari uliotokeza, ukamchana yule mtoto. Au kimewekwa karibu mno na lami, dereva akakigonga. Nani ataulizwa? Wanafiqhi wamejadili habari ya mtu anayechimba kisima katika njia ya watu bila idhini, kisha mpita njia akatumbukia. Wapo kati yao waliosema anabeba dhamana, hata kama alikusudia watu wanywe maji. Basi kujificha kuna sura mbili. Anayejificha ili asisifiwe amefuata njia ya wale ambao mkono wao wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Anayejificha ili asilaumiwe amekimbia haki za watu. Nje zinafanana, mbele ya Allah haziko sawa.

Kwa hiyo kijana wetu amwambie mwenyekiti wa kitongoji: kiti kile nimekiweka mimi, kikiharibika niite. Amwombe asimtangaze. Kisha apite kila baada ya muda akikague. Jina lifichwe kwenye sifa, lisifichwe kwenye lawama.

Ndugu msomaji, sasa tujitazame sisi wa mjini. Tunachimba kisima, na kibao chenye jina la mfadhili kinakuwa kikubwa kuliko bomba. Tunagawa futari, na maskini hapewi tende mpaka apigwe picha akiipokea. Kisima kikikauka mwaka wa pili, yule mwenye jina kubwa hapatikani kwa simu. Tumeligeuza jambo juu chini: majina yetu yapo kwenye sifa, na kwenye lawama hayapo. Qur'an (76:8-9) inawasifu wanaolisha chakula kwa ajili ya Allah bila kutaka malipo wala shukrani. Na Qur'an (2:264) inatuonya kuwa masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka.

Simaanishi kwamba kiti cha tairi ni bora kuliko kisima. Mwenye kiu anahitaji maji kabla ya nyota za vizibo. Lakini mwenye uwezo wa kisima ni mmoja kati ya wengi, na ambaye hana kitu bado anayo mikono miwili na taka zilizomzunguka. Dini haikumnyima mlango wa kutoa. Tukimwambia kwamba kazi yake ni upuuzi, tunaufunga mlango ambao Mtume (s.a.w.) aliuacha wazi.

Basi jibu ni hili: akiokota kilicho halali, akaepuka kilichokatazwa, akakiweka pasipodhuru, akabaki tayari kuulizwa, na akakusudia radhi za Allah, kazi yake inatarajiwa kuwa sadaka, na itaendelea maadamu watu wananufaika nayo. Wazee walisema, tenda wema nenda zako. Na aendapo zake, aache pale mahali pa kumpata.

Wallahu a'lam.